SOMO: Kuhama Windows kwenda Linux Mint bila kuacha vitu vyako nyuma

Wakuu, naandika hili mara moja ili swali likirudi nibandike kiungo niendelee na kazi zangu. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi ambazo bado zina nguvu zimekataliwa na Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama ndani ya kompyuta) au kwa sababu prosesa yake haimo kwenye orodha. Basi kila siku: nihamie vipi Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows? Kusakinisha ni rahisi. Kinachowaliza watu ni kinachofanyika kabla.

Hatua ya 1. Pakua faili la ISO la Mint, yaani mfumo mzima ndani ya faili moja (karibu GB 3), liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika.

Hatua ya 2. Washa kompyuta kupitia flashi hiyo. Kutegemea mashine, ni F12, Esc au F2. Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa hapohapo. Kisichofanya kazi hapa, usitegemee kitajirekebisha chenyewe baadaye.

Hatua ya 3. Rudi Windows, nakili vitu vyako kwenye diski ya nje. Ikoni yenye kishale kidogo pembeni ni njia ya mkato tu, faili lenyewe liko kwingine. Ikoni yenye alama ya wingu maana yake faili liko OneDrive, halijashuka kwenye diski. Nywila za Chrome zitoe kwa kutumia Chrome yenyewe. Ukinakili folda yake tu hutazipata, kwa kuwa zimefungwa kwa akaunti yako ya Windows. Ukimaliza, chomeka diski kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili manne matano hivihivi tu, bila kuchagua.

Hatua ya 4. Chomoa diski ya nje. Hapa ndipo nilipolia, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha. Mara yangu ya kwanza niliweka kila kitu kwenye diski ya nje ya TB 1, nikaridhika, nikaiacha imechomekwa. Ya ndani nayo ilikuwa TB 1. Kisakinishi hakijui C wala D, kinaziita diski sda na sdb na kukuonyesha ukubwa wake. Nikachagua sdb nikiamini ndiyo ya ndani, nikabofya. Skrini haikunishtua hata kidogo, ilisonga vizuri tu. Kilichonishtua ni taa ndogo ya buluu ya diski ya nje, ambayo wakati ule haikuwa na kazi yoyote, ikaanza kupepesa. Nikang'oa waya. Nilikuwa nimechelewa.

Utasema, si vitu vya asili vilikuwa bado kwenye diski ya ndani? Havikuwepo. Nilikuwa nimekata na kubandika badala ya kunakili, eti nasafisha nyumba kabla ya kuhama. Programu ya PhotoRec ilinirudishia picha nyingi, ila hairudishi majina: inatambua faili kwa yaliyomo ndani na kulipachika namba. Picha za harusi ya dada yangu, risiti, skrinishoti za miaka mitano, zote zikawa f pamoja na mkia wa tarakimu. Nilizifungua moja moja.

Kwa hiyo: NAKILI, usikate. Chomoa waya kabisa, usiseme "nitakuwa makini". Kama una diski mbili za ndani, andika kwenye karatasi jina la modeli na ukubwa wa kila moja ukiwa bado Windows (za NVMe, yaani SSD za kasi zinazochomekwa kwenye bodi, zitaonekana kama nvme0n1). Na kabla ya kukubali, kisakinishi huorodhesha kitakachobadilishwa. Soma mpaka mwisho.

Hatua ya 5. Sakinisha. Lugha, kibodi, saa za eneo, jina, nywila. Kikikwambia toa flashi, toa.

Hatua ya 6. Sasisha, kisha washa Timeshift, programu ya kuhifadhi hali ya mfumo ili uweze kuirudisha ukiharibika. Ujue Timeshift, isipobadilishwa, hulinda mfumo tu. Picha zako hazimo humo.

Ukitaka kubaki na Windows pembeni, kabla ya yote angalia kama BitLocker (ufungaji wa diski wa Windows) imewashwa na uhifadhi ufunguo wake wa tarakimu 48 nje ya kompyuta hiyo. Zima pia Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows), la sivyo Windows haizimiki kikamilifu na Linux itaweza kusoma diski yake lakini si kuandika humo.

MASWALI

Swali: Mkuu, nikisakinisha mafaili yangu yatafutika?
Jibu: Hatua ya 3 na ya 4.

Swali: Somo refu mno. Niambie tu nibonyeze wapi.
Jibu: Chomoa diski ya nje. Kisha rudi usome.

Swali: Nimefika kwenye kuchagua diski, orodha tupu. Mint ya kwenye flashi inafanya kazi vizuri, na nimejaribu flashi mbili tofauti.
Jibu: Umejaribu vizuri kabla ya kuuliza, asante. Ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya mfumo), tafuta mpangilio wa namna kompyuta inavyowasiliana na diski. Ukikuta umewekwa RAID au Intel RST, badilisha uwe AHCI, diski itaonekana. Tahadhari moja: kama Windows inabaki, inaweza kugoma kuwaka baada ya badiliko hilo mpaka uiandae kwanza. Kama unaifuta, huna cha kuhofia.

Swali: Nimefuata somo lako na picha zangu zote hazifunguki. Usiwape watu ushauri usiojua.
Jibu: Kila faili lina ukubwa gani?
Swali: KB 2.
Jibu: Hizo ni njia za mkato, nimeandika hatua ya 3. Zilikuwa zinaelekeza wapi?
Swali: D.
Jibu: D ni diski ya pili au kipande cha ileile?
Swali: Ya pili.
Jibu: Basi hujapoteza kitu. Fungua meneja wa mafaili, tazama upande wa kushoto, ibofye.
Swali: Nimeziona. Samahani mkuu.

Swali: Nina mifumo yote miwili. Kila nikitoka Linux, saa ya Windows inakuwa imepotea, na siku zote kwa tofauti ileile. Ni betri ya mama bodi?
Jibu: Hilo la "tofauti ileile" ndilo jibu lenyewe. Betri ikichoka, saa hupotea ovyo. Hapa Windows inaichukulia saa ya bodi kuwa saa ya mahali ulipo, Linux inaihesabu kama UTC (saa ya kimataifa), basi kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Kwenye terminali (dirisha la kuandika amri) andika `timedatectl set-local-rtc 1`. Mint itakuonya kuwa si njia inayopendekezwa, lakini kwa mifumo miwili inatosha.

Swali: Nyaraka zangu za Word zinafunguka LibreOffice (programu ya nyaraka inayokuja na Mint) lakini mistari inasogea, kurasa 10 zinakuwa 11. Kwa nini?
Jibu: Fonti. Waraka uliandikwa kwa Calibri, Mint haina Calibri, ikaweka nyingine yenye herufi pana kidogo. Sakinisha Carlito: herufi zake zina upana sawasawa na za Calibri, mistari itarudi. Cambria mwenzake ni Caladea. Waraka wa kutuma kwa watu wausome tu, toa PDF.

Swali: Kwa nini usihamie Mac?
Jibu: Fungua somo lako.

Mchangiaji: Niongeze kitu. Linux inahesabu Barua.odt na barua.odt kuwa mafaili mawili. Mke wangu alihifadhi moja, mimi nikahariri lingine, tukabishana wiki nzima nani kafuta kazi ya mwenzake.
Jibu: Na ukiyapeleka yote mawili kwenye flashi ya exFAT (mpangilio wa mafaili unaotumika sana kwenye flashi), moja litataka kulifunika jingine. Tena Linux inakubali nukta pacha kwenye jina la faili, exFAT haikubali. Mimi siku hizi naandika majina kwa herufi ndogo na vistari tu.
Mchangiaji: Vistari vya chini au vya kati?
Jibu: Vya kati. Vya chini vinapotea jina likipigiwa mstari.