Kraniofaringioma kwa mtoto: dalili, matibabu na uangalizi wa nyumbani

Kraniofaringioma ni uvimbe adimu unaoota chini ya ubongo, jirani na tezi ya pituitari (tezi ndogo inayotoa homoni, pamoja na ya ukuaji) na pale mishipa ya fahamu ya macho inapokutana. Watoto wanaougua zaidi ni wa miaka 5 hadi 14. Si saratani wala hausambai mwilini, ila umekaa pabaya.

Kwa kuwa uvimbe huweza kudumaza ukuaji na kubana mishipa ya macho, mpime mtoto urefu kila miezi 6, bila viatu, visigino vikigusa ukuta. Wa shule ya msingi huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Chini ya 4, mpeleke kwa daktari. Macho nayo: keti mkabala naye, azibe jicho moja na kukutazama puani, kisha leta kidole taratibu kutoka upande wa sikio la jicho lililo wazi. Rudia jicho la pili. Kidole kikifika karibu na katikati ndipo akione, miwani haitasaidia. Anahitaji kupigwa picha ya ubongo. Akiamka na maumivu ya kichwa na kutapika, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, maana huenda maji yamejaa ubongoni.

MRI (picha ya sumaku) huonyesha uvimbe umeenea hadi wapi. CT (picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka) huonyesha chembe za chokaa ndani ya uvimbe, ambazo hupatikana kwa watoto karibu 9 kati ya 10. Ndani mara nyingi mna kifuko cha majimaji mazito kama oili chafu ya gari. Kabla ya upasuaji apimwe kortisoli (homoni inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa na upasuaji), homoni za tezi dundumio iliyo shingoni na sodiamu (chumvi ya damu). Kortisoli ikiwa chini, haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi yake, hutangulia. Thairoksini, dawa ya homoni ya tezi dundumio, ikitangulia, mtoto anaweza kuzimia kwa presha kushuka.

Kung'oa uvimbe wote si lazima kuwe ndiyo tiba bora. Ukiwa umeshikamana na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza njaa na shibe, kuukwangua wote kunaweza kumwachia mtoto njaa isiyoshiba na unene usiodhibitika. Ndiyo maana madaktari wengi huacha mabaki na kuyapiga mionzi, jumla grei (kipimo cha mionzi) 50 hadi 54, kwa wiki kama sita.

Nyumbani, hatari kubwa ni mbili. Ya kwanza ni desmopresini, dawa ya kuzuia mkojo mwingi: ikizidi, maji hubaki mwilini, sodiamu hushuka na mtoto hupata degedege. Angalau mara moja kwa siku, subiri mkojo mwingi usio na rangi, kama maji, urudi ndipo umpe dozi inayofuata. Ya pili ni haidrokotisoni, ambayo haikatizwi hata siku moja. Akiwa na homa, dozi huongezwa mara mbili au tatu kama daktari alivyoelekeza. Akitapika dawa, achomwe sindano ya haidrokotisoni kwenye msuli: miligramu 25 kwa aliye chini ya miaka 3, 50 kwa wa miaka 3 hadi 12, 100 kwa mkubwa zaidi, halafu hospitali mara moja. Sindano hiyo iwepo nyumbani, na shuleni wajue ilipo.

Karibu watoto 9 kati ya 10 huwa hai miaka 10 baadaye, wengi wakitumia homoni maisha yao yote. Uvimbe unaporudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 5 ya mwanzo, kwa hiyo tarehe za MRI zisirukwe hata akiwa anacheza mpira vizuri.