Kurambaza Trauti katika Bwawa la Strawberry Majira ya Mapukutiko

Wavuvi wa pwani wanaijua kazi ya kurambaza: mshipi wenye chambo huachwa nyuma ya chombo kinachotembea, na samaki hukifuata chambo akidhani ni windo linalomkimbia. Kazi hiyohiyo, kwa vifaa vyepesi zaidi na katika maji yasiyo na chumvi, hufanywa kila Septemba na Oktoba katika bwawa la Strawberry, jimbo la Utah, Marekani. Nimewaandikia hasa wasemaji wa Kiswahili waishio Salt Lake City na vitongoji vyake, wengi wao wenye asili ya Kongo, kwa sababu bwawa hilo liko mwendo wa takriban saa moja na nusu kwa gari, kwa barabara kuu namba 40 ipitayo Heber City. Hata hivyo, mengi ya yatakayoelezwa yanafaa katika bwawa lolote la baridi lenye trauti wa upinde wa mvua, yule samaki mwenye mstari wa waridi ubavuni ambaye Wakenya wanamfahamu kutoka mito ya Mlima Kenya na Aberdare.

Strawberry liko juu sana, takriban mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 70 likijaa. Mwaka 1990 idara ya wanyamapori ya jimbo ilitia dawa ya rotenoni katika bwawa zima ili kuwaua samaki wasiotakiwa, hasa aina iitwayo chabu ya Utah, waliokuwa wameongezeka hadi kuwanyima trauti chakula. Baada ya hapo walipandikizwa samaki wa aina tatu: trauti wa upinde, ambao siku hizi huwekwa wakiwa tasa, samoni wadogo waitwao kokani, na trauti wa Ziwa Bear, ambao nitawaita koo-jekundu kwa sababu ya alama nyekundu walizo nazo chini ya taya. Koo-jekundu walichaguliwa kwa kuwa wakikua hula chabu, na hivyo hulilinda bwawa lisirudi lilikotoka. Mvuvi asiyeijua habari hii huona sheria za Strawberry kama usumbufu tu, ilhali karibu zote zimetokana nayo.

Ili kuelewa kwa nini majira ya mapukutiko ni mazuri, ni lazima kuielewa joto la maji. Wakati wa kiangazi maji ya juu hupata joto na kuelea juu ya maji baridi ya chini bila kuchanganyika nayo, kwa hiyo trauti hushuka kutafuta baridi, na mvuvi hulazimika kutumia winchi zinazoshusha mshipi kwa matufe mazito ya risasi ili kuwafikia. Usiku wa Septemba unapoanza kuwa na umande unaoganda, maji ya juu hupoa, huwa mazito na kuzama, na upepo huyachanganya na ya chini, mpaka bwawa zima linakuwa na joto linalokaribiana. Trauti wa upinde hupendelea maji ya nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi. Kipimajoto cha mashua kinaposhuka chini ya 16, samaki hao huwa huru kwenda popote, nao huja juu na kusogea kwenye kingo, ambako magugu ya majini yanakufa na kuwafichua kamba wadogo na visamaki vilivyokuwa vimejificha humo. Wanakula kwa bidii kwa sababu barafu inakuja.

Mwaka wangu wa kwanza nililikosea jambo hili kabisa. Nilikuwa nimezoea kuwapata samaki mita kumi na mbili chini mwezi wa Agosti, na katikati ya Oktoba nikaendelea kushusha risasi kina kilekile, katikati ya bwawa, kuanzia asubuhi hadi saa sita mchana, nisipate hata mguso mmoja. Wakati wote huo mzee mmoja alikuwa akipiga makasia karibu na ukingo, mshipi mmoja tu nyuma yake, bila risasi yoyote, na nilimwona akiinua wavu mara nne. Tangu siku hiyo mimi huanza na mita tatu za juu, katika maji yenye kina cha mita tatu hadi nane, na hushuka tu pale ambapo saa nzima imepita bila dalili.

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Fimbo nyepesi inayopinda vizuri inafaa kuliko ngumu, kwa kuwa mdomo wa trauti ni laini na ndoana huuchana kwa urahisi. Mshipi wa nguvu ya kilo tatu hadi nne unatosha, ukimaliziwa na kipande cha mita moja na nusu hadi mbili cha mshipi mwembamba usioonekana sana majini, na kati yao ifungwe pete izungukayo ili mshipi usijisokote. Kuhusu chambo bandia, vijiko vyembamba vya chuma vya aina ya Needlefish, visamaki vya mbao au plastiki kama vile Rapala vya sentimita tano hadi saba, na nzi wa manyoya wenye mkia mrefu, vyote huvua. Rangi za kamba wa maji baridi, yaani kahawia, chungwa na dhahabu, ndizo ninazoanza nazo. Kuna wanaotanguliza mkufu wa vibati vinavyometameta mbele ya chambo, nao husaidia maji yanapokuwa na tope au mwani, lakini katika maji maangavu ya Oktoba mimi huuacha sandukuni: unavuta mshipi kwa uzito mkubwa kiasi kwamba samaki wa nusu kilo husikii mpambano wake.

Anayetaka kushuka kidogo bila kununua winchi anaweza kutumia mshipi wenye kiini cha risasi. Mshipi huo hubadilika rangi kila baada ya yadi 10, yaani mita tisa, na kwa mwendo wa kawaida wa kurambaza kila rangi moja hushusha chambo takriban mita moja na nusu. Rangi mbili ni mita tatu. Hesabu yake haihitaji kalamu. Kwa mapukutiko sijawahi kuhitaji zaidi ya rangi nne.

Mwendo ndio kiini cha kazi hii, na ndio wanaoanza huupuuza wakihangaika na rangi za chambo. Anza na kilomita 2.5 hadi 3 kwa saa, ukisoma kwenye GPS wala si kwa kukisia, kwa kuwa mashua inayosukumwa na upepo huonekana kama imesimama huku inakimbia. Maji yanapozidi kupoa mwishoni mwa Oktoba, punguza hadi kilomita 2. Injini nyingi kubwa haziwezi kwenda polepole hivyo. Dawa yake ni kufunga ndoo moja au mbili za plastiki kwa kamba fupi na kuziburuta ubavuni mwa mashua, jambo ambalo halipendezi machoni lakini hufanya kazi. Kabla ya kuachia mshipi, tumbukiza chambo ubavuni mwa mashua ukitazame. Kijiko kinatakiwa kuyumba kulia na kushoto kama samaki aliyejeruhiwa. Kikizunguka mzunguko mzima, mwendo umezidi. Kikining'inia tu kama jani, umepungua.

Kisha achia mshipi mita 30 hadi 45 nyuma ya mashua. Umbali huu ni muhimu kuliko wakati wa kiangazi, kwa sababu samaki walio mita mbili chini ya maji husikia injini na kuona kivuli, nao hutawanyika pande zote mashua inapopita, wasirudi njiani mwake hadi baada ya muda. Kwa sababu hiyo ubao wa pembeni ni kifaa chenye faida kubwa: ni kibao kidogo kinachoelea, hubanwa kwenye mshipi, na nguvu ya maji hukisukuma mbali na mashua, mita 15 au 20 upande mmoja, hadi chambo kipite mahali ambapo mashua haikupita. Ukielekea ukingoni, ubao huweza kupitisha chambo katika maji ya mita mbili huku wewe ukiwa salama katika mita tano.

Usiende moja kwa moja kama mtu anayewahi gati. Pinda taratibu kulia na kushoto, kama nyoka, kwa kufuata mistari ambapo kina kinabadilika, hasa kwenye rasi na kwenye midomo ya vijito. Kila kona ni jaribio la bure. Mshipi ulio upande wa nje wa kona huongeza kasi na chambo chake hupanda. Ulio upande wa ndani hulegea na chambo chake huzama. Samaki akiupiga wa nje, amekueleza kwamba anataka kasi zaidi au kina kidogo, na akiupiga wa ndani, amekueleza kinyume chake. Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, mwendo kwanza, kisha umbali wa mshipi, kisha kina, na rangi mwisho wa yote. Anayebadilisha vyote pamoja akapata samaki hatajua ni kipi kilichomfaa.

Samaki anapopiga, ncha ya fimbo iliyokuwa ikitetemeka kwa mdundo mmoja husita, kisha hupinda hadi karibu na maji. Hapo mikono humtuma mtu kuinyakua fimbo na kuivuta kwa nguvu, nalo ndilo kosa, kwa kuwa mwendo wa mashua umekwisha kuizamisha ndoana. Iondoe fimbo kishikioni bila haraka, mashua iendelee kusonga polepole ili mshipi usilegee, na iache breki ya rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ifanye kazi yake. Breki hiyo iwe imewekwa mapema katika robo ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo nne, iachie mshipi inapovutwa kwa kilo moja. Trauti wa upinde huruka. Mwanzoni unaona maji yamepasuka mita 20 nyuma, fedha na waridi vinajipinda hewani, na ndipo inapobidi kuiinamisha fimbo chini kidogo, kwa sababu samaki anayeanguka juu ya mshipi uliokaza huing'oa ndoana mdomoni. Anapofika ubavuni hukimbia tena mara moja au mbili anapoiona mashua. Wavu uwe tayari umezamishwa, na samaki aongozwe aingie kwa kichwa. Kumfukuza na wavu kutoka nyuma ni kumkosa.

Kabla ya kumtia barafuni, mtazame chini ya taya. Katika Strawberry trauti yeyote mwenye alama za koo-jekundu huhesabiwa kuwa koo-jekundu, na kwa kanuni zilizotumika kwa miaka mingi, koo-jekundu wa inchi 15 hadi 22, yaani takriban sentimita 38 hadi 56, ni lazima arudishwe majini papo hapo, kwa kuwa hao ndio walaji wa chabu. Trauti wa upinde hana alama hizo, ana madoa meusi mengi yanayofika hadi kichwani, na mapezi yake ya chini yana ncha nyeupe. Jumla ya trauti na kokani wanaoruhusiwa kwa siku ni 4, na ni marufuku kumkata samaki minofu au kumwondoa kichwa au mkia kabla ya kufika nyumbani, ili askari wa wanyamapori aweze kumtambua na kumpima. Kokani huwa wamegeuka wekundu wakielekea kuzaa majira haya, nao wana kipindi chao cha kurudishwa. Kanuni hubadilika, kwa hiyo soma kijitabu cha uvuvi cha jimbo cha mwaka husika, na kumbuka kwamba kila mwenye umri wa miaka 12 au zaidi anahitaji leseni. Kwa kuwa utawarudisha wengi, badilisha ndoana za matawi matatu uweke za tawi moja na ubonyeze kijino chake kwa koleo. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, na ikiwezekana mfungue akiwa bado majini.

Upepo wa Strawberry huanza mara nyingi baada ya saa sita mchana, na bwawa lililokuwa kioo asubuhi huweza kuwa na mawimbi meupe kwa muda mfupi. Mimi hurambaza kuelekea upepo asubuhi, ili ukichafuka unisukume kurudi gatini badala ya kunizuia. Koti la kuokolea livaliwe na kila mtu tangu kushuka majini hadi kupanda. Sheria inawalazimisha watoto walio chini ya miaka 13, lakini maji ya nyuzi 10 huikosesha mikono nguvu kwa dakika chache bila kuuliza umri. Chukua nguo kavu katika mfuko usioingia maji, na chai ya moto ya kutosha.

Mashua ikishatoka majini, fungua plagi ya chini na uiache wazi njia nzima, na ukaushe kila kitu kilicholowa, kwa sababu kome wavamizi wa aina ya kwaga tayari wamo katika Ziwa Powell kusini mwa jimbo na husafirishwa na maji yanayobaki ndani ya mashua. Kisha iteremshe injini ya nje isimame wima, uiache hivyo mpaka maji yote yatoke. Usiku wa Oktoba katika mwinuko ule huganda, na maji yaliyosahaulika ndani ya pampu hupasua chuma kabla hujafika nyumbani.