Friji haigandishi? Pita nyuma yake kabla hujamwita mtu wa gesi

Ramadhani iliyopita shangazi yangu wa Wete, Pemba, alinipigia simu baada ya alasiri. "Mwanangu, friji imekufa, na sharubati ya futari imo ndani." Haikufa. Ilikuwa inanguruma mchana kutwa, ila joto ililokuwa ikilitoa halikuwa na pa kwenda. Siku ya pili nikavuka na boti. Hatua ninazoandika hapa ndizo tulizofuata, pamoja na kosa moja langu la zamani ambalo bado linaniuma.

Kwanza ujue kazi yake. Friji haitengenezi baridi, inafua joto kama baharia anavyofua maji ya ngalawa: upo unachota ndani, unamwaga nje. Upo wenyewe ni gesi. Ikiwa majimaji kwenye mabomba ya friza, presha ya mle ni ndogo, basi inachemka kwenye baridi ile ile. Gesi ya R600a, iliyomo kwenye friji nyingi za sasa, ukiitoa hapa nje inachemka kwenye karibu nyuzi 12 chini ya sifuri. Kinachochemka hunyonya joto, na joto hilo linatoka kwa changu wako na mtungi wako wa maji. Kompresa, yaani pampu ya gesi, inauvuta mvuke na kuubana mpaka unakuwa wa moto kuliko hewa ya jikoni mwako. Mvuke huo unapita mabomba ya nyuma, ndiyo kondensa, unamwaga joto, unarudi kuwa majimaji. Kisha unapenya kijibomba chembamba, presha inashuka, kazi inaanza tena. Ndiyo maana anayeacha mlango wa friji wazi apate ubaridi anazidi kukipasha moto chumba chake.

Hatua ya 1: pima. Tia kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya kati, kilale. Ikisoma nyuzi 5 au chini, friji ni nzima.

Hatua ya 2: mpira wa mlango. Bana noti mlangoni, uivute. Ikitoka bila kukaza, osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ujaribu tena. Kwa unyevu wetu wa masika, mpira uliolegea ni ngalawa yenye tundu.

Hatua ya 3: shika mabomba. Hapa usiwe na haraka.

Iache friji iwake nusu saa, halafu upitishe mkono nyuma bila kugusa waya. Kompresa ina moto, usiibane kiganjani. Bomba linalotoka kwake nalo lina moto. Mistari ya juu ya kondensa iwe ya moto, na kadiri unavyoshuka ipungue mpaka iwe vuguvugu. Ukikuta hivyo, gesi ipo na inazunguka. Kompresa ikiwa inaunguza na kondensa nzima ni baridi, hapo gesi imevuja au njia imeziba, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikiwa moto kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hewa haipiti.

Ya shangazi ilikuwa hiyo ya mwisho. Nyuma yake mlikuwa na mkeka uliokunjwa, sinia mbili, na vumbi limeshikana kama sufi. Nilichomoa plagi, nikapangusa kwa brashi ya rangi, ile pana ya nywele laini. Wapo wanaopenda kupuliza kwa mashine ya upepo. Mimi siipendi, vumbi linarudi jikoni lote, na mabomba yaliyoliwa na chumvi ya bahari hayataki kusukumwa. Tukaivuta kutoka ukutani kiasi cha shibiri.

Sasa kosa langu. Jirani yangu Unguja aliniita, nikatazama nyuma, nikaona bati tupu, hakuna hata bomba moja. Ubavuni mna moto. Nikasema hitilafu. Nilipoteza siku nzima nikitafuta pavujapo, nikatoa gesi nzuri, nikarudisha nyingine, na hali ikabaki vile vile. Kumbe friji nyingi mpya zimefichwa kondensa ndani ya kuta za ubavuni, na moto ule ndio kazi yenyewe. Yeye alikuwa ameibana baina ya kabati na ukuta. Kuisogeza tu kulitosha, na kwa hilo sikumtoza kitu, kwa haya.

Tazama pia kibandiko cha ndani, herufi za hali ya hewa. N na SN zimepimwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST 38, T 43. Friji ya mtumba kutoka Ulaya mara nyingi ni N au SN. Jiko letu mchana wa kaskazi, chapati ziko juu ya moto, linapita 32 bila taabu, na kondensa haiwezi kumwaga joto mpaka iwe na moto kuliko chumba. Ukinunua, tafuta T, hata kama rangi yake hukuipenda.

Na kompresa yenye alama ya pembetatu na moto ina gesi inayowaka. Anayetaka kuchomea pale bila kuitoa gesi nje kwanza, mrudishe alikotoka.

Hatua ya 4: barafu ya friza. Ikinenepa kama kidole, zima, iyeyuke. Kisu marufuku. Nimeona friza ngapi zimetobolewa na kisu cha samaki!

Hatua ya 5: umeme ukikatika. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uwashe. Presha ya pande mbili lazima ilingane, la sivyo kompresa inashindwa kuanza. Utasikia tik, kimya, kisha tik. Nunua kifaa cha kulinda umeme chenye kuchelewesha. Cha shangazi kina taa ya njano. Siku ya kwanza alinipigia tena, ananiuliza mbona friji inamsubirisha.