Jinsi ya kuendesha huduma ya msaada wa ujifunzaji na tabia kwa klasta ya shule

Katika halmashauri nyingi za Tanzania, mwalimu aliyesomea elimu maalum, awe ametoka Chuo cha Ualimu Patandi au chuo kikuu, hupangiwa shule moja yenye kitengo cha elimu maalum, ilhali shule tano au sita zinazoizunguka zina watoto wenye mahitaji yale yale na hazina mtu wa kuwaangalia. Maelekezo haya yamekusudiwa Afisa Elimu Kata, mwalimu mkuu au mratibu anayetaka mwalimu huyo ahudumie klasta nzima, yaani kundi zima la shule hizo jirani. Kabla ya yote ieleweke kwamba kinachogawanywa kati ya shule ni muda wa mwalimu, na muda huo ni mdogo kuliko kila anayeuomba anavyodhani.

Utaratibu wa namna hii umekwisha kujaribiwa kwingine. Kenya ilianzisha vituo vya upimaji na nyenzo za elimu maalum mwaka 1984. New Zealand ina walimu wa msaada wa ujifunzaji na tabia wanaozunguka shule tangu mwaka 1999, na mwaka 2012 huduma hiyo ilipangwa upya kuwa klasta 40, kila klasta ikiwa na shule mwenyeji iliyo mwajiri wa walimu hao pamoja na meneja wake. Tunachoweza kuchukua huko, hata bila fedha zao, ni kwamba mwalimu anayezunguka awe na msimamizi mmoja anayejulikana. Mwalimu aliye chini ya walimu wakuu sita kwa wakati mmoja hatimaye humtumikia yule aliye karibu naye.

Kwa hiyo kazi ianze na makubaliano ya maandishi, yaliyopitishwa na kamati za shule zote na kuridhiwa na Afisa Elimu wa halmashauri. Yaeleze shule mwenyeji ni ipi, nani anamsimamia mwalimu na kuidhinisha malengo yake kwenye PEPMIS (mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma), anabaki na vipindi vingapi vya kawaida, na nauli yake inalipwa na nani. Vipindi na nauli ndivyo huvunja mipango mingi. Mwalimu mkuu mwenye upungufu wa walimu humwona mtaalamu huyu asubuhi, akakumbuka kwamba Darasa la Tano halina mwalimu wa Kiswahili, na kufikia mwisho wa muhula mtaalamu ana vipindi ishirini kwa wiki na hatoki tena nje ya geti. Makubaliano yataje idadi ya juu ya vipindi, na idadi hiyo isibadilishwe bila mratibu kusaini. Kuhusu nauli, ruzuku ya uendeshaji hukokotolewa kwa Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na sehemu yake huenda kwenye vitabu, hivyo shule ndogo haina cha kutoa. Ni afadhali gharama ya bodaboda iingizwe kwenye bajeti ya halmashauri, au safari zipangwe kwa shule mbili zilizo njia moja kwa siku moja, kuliko kumwachia mwalimu alipe mfukoni mwake.

Hatua inayofuata ni hesabu ya muda, na ifanywe hadharani mbele ya walimu wakuu wote. Mwaka wa masomo wa shule ya msingi una siku 194. Klasta yenye walimu wawili wanaozunguka ina siku 388. Ukitoa moja ya tano kwa ajili ya safari, taarifa na vikao, zinabaki takribani siku 310. Ikiwa mtoto mmoja anahitaji ziara kumi kuanzia kuangaliwa darasani hadi kufungiwa jalada, na kila ziara ikala siku nzima kwa sababu ya umbali, walimu hao wanaweza kuhudumia watoto 31 kwa mwaka katika shule zote. Namba hiyo ikiandikwa ubaoni, ubishi juu ya nani apewe nini hubadilika sura.

Hapo ndipo watu wengi hupendekeza mgawo sawa, kila shule watoto watano. Napinga pendekezo hilo. Shule yenye wanafunzi 1,400 na madarasa ya awali yaliyofurika haiwezi kulinganishwa na shule ya wanafunzi 260, na mgawo sawa huilazimisha shule ndogo kutafuta watoto wa kujaza nafasi, wakati shule kubwa inawaficha wengine kwenye orodha ya kusubiri. Maombi yote yaingie mlango mmoja na yapimwe kwa uzito wa tatizo: mtoto aliye hatarini kuacha shule au kujidhuru atangulie, kisha asiyejua kusoma akiwa amefika darasa la tatu, kisha wengine. Kikao cha kupima maombi kifanyike kila mwezi, kiwe na mratibu, walimu wanaozunguka, walimu wakuu wawili kwa zamu na, inapowezekana, Afisa Ustawi wa Jamii. Dakika tisini zinatosha.

Fomu ya maombi iwe ukurasa mmoja, lakini isikubali maneno kama “mkaidi”, “mzito” au “hana akili”. Maneno hayo ni hukumu, na hayampi mtaalamu pa kuanzia. Fomu iulize mwanafunzi anaweza kufanya nini, anashindwa wapi, tatizo huonekana saa ngapi na katika somo gani, mwalimu wa darasa amejaribu nini kwa wiki tatu zilizopita, na mzazi au mlezi anasemaje. Mlezi aulizwe kwa mazungumzo, kwa kuwa bibi anayemlea mjukuu ataeleza mengi akiwa ameketi na mwalimu, lakini fomu hatajaza. Ombi ambalo sehemu ya majaribio iko tupu lirudishwe kwa adabu, pamoja na mapendekezo mawili ya kujaribu.

Kabla mtoto hajaitwa mwenye tatizo la kujifunza au la tabia, apimwe macho na masikio. Chati ya herufi E iliyobandikwa ukutani umbali wa mita 6, jicho moja likizibwa, humbaini mtoto ambaye kwa miaka miwili amekuwa akinakili kutoka daftari la jirani kwa sababu haoni ubao. Kwa masikio, simama nyuma yake umbali wa mkono, nong’ona maneno mafupi na umwombe ayarudie, kisha muulize mlezi kama amewahi kutokwa na usaha masikioni. Mtoto anayekodoa macho na kuganda kwa sekunde chache, mara kadhaa kwa siku, halafu akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, huadhibiwa kwa kutosikiliza wakati huenda ana aina ya kifafa isiyo na kuanguka wala degedege. Huyo apelekwe kituo cha afya, na mwalimu wa darasa aandike nyakati hizo ili mganga apate cha kusoma.

Mwalimu anayezunguka akifika shuleni, siku ya kwanza akae nyuma ya darasa na aandike. Namna ya kuandika tabia ni kutenganisha kilichotangulia, kitendo chenyewe, na kilichofuata. Mfano wa ukurasa mmoja: “Saa 5:10, kipindi cha hisabati baada ya mapumziko, zoezi la kugawanya. Anachana karatasi ya jirani. Mwalimu anamtoa nje. Saa 5:40 anaimba chini ya mti.” Siku ya pili: “Saa 5:15, kugawanya tena. Anapiga kelele. Anatolewa nje.” Kwenye kipindi cha Kiswahili hakuna tukio lolote. Msomaji wa kurasa hizo anaona kwamba mtoto huyu hawezi kugawanya, na kwamba kutolewa nje ndiko anakokutafuta. Msaada wake ni kurudishwa kwenye kutoa na kuzidisha kwa vizibo vya soda kwa dakika kumi kila siku, apewe maswali matatu badala ya kumi, na abaki darasani.

Mpango huo utekelezwe na mwalimu wa darasa. Hili ni gumu kulikubali, kwa sababu mwalimu mwenye wanafunzi tisini humpokea mtaalamu kama mtu aliyekuja kumchukua mtoto msumbufu akae naye ofisini. Mtaalamu akikubali, mtoto atatulia ofisini na kuharibikiwa darasani, na ziara zikikoma hakuna kinachobaki. Aonyeshe mbinu mara moja au mbili mbele ya darasa, amwangalie mwalimu akiifanya, kisha aache karatasi yenye mambo yasiyozidi matatu. Vikao vya klasta vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vitumike kufundisha mbinu zinazojirudia, kwani ukiona watoto sita wenye shida ile ile katika shule nne, tatizo hilo ni la ufundishaji na litatuliwe kwa walimu wote pamoja.

Viboko navyo visemwe waziwazi. Kanuni za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya viboko vinne kwa mara moja, humpa mamlaka hayo mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na hutaka kumbukumbu iandikwe. Nchini Kenya adhabu hiyo imepigwa marufuku kabisa. Ninavyoona, mtoto aliye kwenye mpango wa klasta asichapwe kwa tabia inayoshughulikiwa na mpango huo, na walimu wakuu wakubaliane hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna rekodi ya tabia itakayosomeka ikiwa kila tukio linaishia kwenye fimbo ya mwalimu wa zamu. Pale dalili zinapoonyesha mtoto anaumizwa nyumbani au shuleni, jambo hilo limetoka mikononi mwa klasta: lipelekwe siku hiyo hiyo kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Majalada yafungiwe kabatini kwenye shule mwenyeji, ufunguo uwe kwa watu wawili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia kumbukumbu za watoto, na picha ya fomu kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa kata ni uvunjaji wa siri hata ikiwa nia ni njema.

Jalada lifungwe kwa kigezo kilichoandikwa siku lilipofunguliwa, kwa mfano “anasoma aya ya Darasa la Pili bila msaada” au “wiki nne bila kutolewa darasani”. Baada ya miezi mitatu mwalimu anayezunguka apite tena mara moja kuangalia. Kwa mtoto wa Darasa la Saba, muhtasari wa ukurasa mmoja uandaliwe, mzazi ausome na kuridhia, kisha ukabidhiwe kwa mkuu wa shule ya sekondari anakokwenda kabla ya Januari, ukieleza anakaa wapi darasani, anasaidiwaje na nani alikuwa akimfahamu vizuri.