Kupanga leya na faili ya CTB katika AutoCAD ili mistari itoke sawasawa kwenye plota

Leya ni matabaka ya mchoro ndani ya AutoCAD, programu ya kuchora ramani, na CTB ni faili inayoamua kila rangi ichapishwe kwa wino na unene gani kwenye plota, yaani printa ya michoro mikubwa. Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mchoraji mwenzangu hapa Mombasa, ambaye ramani yake ya ukarabati wa nyumba ya Mji wa Kale ilipendeza kwenye skrini lakini ikatoka kwenye plota na kuta za kijivu badala ya nyeusi.

Hatua ya 1. Unda leya ndani ya faili ya kiolezo (DWT). Kwa ukarabati, kuta za mawe ya matumbawe zilizopo zitenganishwe na nyingine: UKUTA-ULIOPO, UKUTA-KUBOMOLEWA, UKUTA-MPYA. Usichore chochote kwenye Defpoints, kwa kuwa leya hiyo haichapishwi.

Hatua ya 2. Katika CTB, ipe kila rangi unayotumia wino mweusi na unene wake: ukuta unaoonekana umekatwa kwenye ramani milimita 0.50, samani 0.25, vipimo 0.18. Mimi naipendelea CTB kuliko STB (faili inayotumia mitindo yenye majina badala ya rangi), kwa sababu rangi ya mstari kwenye skrini hunijulisha unene wake papo hapo.

Hatua ya 3. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. CTB hutambua rangi za namba 1 hadi 255 pekee. Mstari uliopewa rangi ya RGB (rangi iliyochanganywa kwa nyekundu, kijani na bluu, nje ya namba hizo) huchapishwa kwa rangi yake yenyewe, na plota ya wino mweusi huugeuza kijivu. Kagua kwanza rangi ya leya, kwa sababu ikiwa leya yenyewe ina RGB, hakuna amri ya kurekebisha vitu itakayokufaa. Kisha andika SETBYLAYER, amri inayofanya vitu vifuate rangi ya leya yake, uchague mchoro wote, na ukubali bloku (vitu vilivyounganishwa kuwa kimoja) zijumuishwe. Fungua kufuli za leya kabla ya kufanya hivyo, maana vitu vilivyo kwenye leya zilizofungwa havibadiliki, na michoro iliyoambatishwa kama xref, yaani faili nyingine zinazoonyeshwa ndani ya yako, irekebishwe katika faili zake za asili. Kuta za mwenzangu zilikuwa ndani ya xref ya mpimaji, na ndiyo maana kila alichojaribu kwenye faili yake hakikubadilisha kitu.

Hatua ya 4. Orodha ya mitindo ya kuchapisha ikionyesha STB pekee, andika CONVERTPSTYLES, amri inayougeuza mchoro utumie CTB.

Hatua ya 5. Usipeleke DWG (faili ya mchoro ya AutoCAD) kwenye duka la kuchapisha, kwa kuwa kompyuta yao haina CTB yako. Peleka PDF ya ukubwa wa A1. Mwombe mhudumu achapishe kwa asilimia 100, bila kuipunguza ili itoshee karatasi, kisha pima kwa rula kabla ya kulipa: katika kipimo cha 1:100, ukuta wa mita 5 uwe milimita 50.