Kutoa Lithiamu Katika Mwamba kwa Magadi Badala ya Asidi

Anayefanya jaribio la kutoa lithiamu katika spodumeni, madini ya mwamba yenye lithiamu, ndani ya maabara ya Nairobi ana bahati kubwa, kwani magadi, kemikali inayoweza kuchukua nafasi ya asidi ya salfuriki inayotumika kwa kawaida, inachimbwa Ziwa Magadi, katika kaunti jirani ya Kajiado.

Anza kwa kupunguza mzigo. Sentimita moja ya ujazo ya spodumeni ina takriban gramu 3.1, ilhali ya kwatzi, jiwe lisilo na lithiamu, ina 2.65, kwa hiyo tenga mawe matupu kwa tofauti hiyo, maana kila kilo inayoondolewa mapema haitakula umeme wa tanuri.

Kinachobaki kichomwe kwa nyuzi 1,050 hivi za Selsiasi. Fuwele hutanuka kwa karibu asilimia 30, na punje iliyokuwa ikikwaruza kioo hupasuka ikawa unga unaovunjika kwa vidole. Hapa ndipo nishati nyingi huliwa; tumia tanuri la umeme, kwa kuwa umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, maji na upepo.

Saga unga huo, uchanganye na maji na magadi yaliyochomwa na kusafishwa, kisha ukoroge ndani ya chombo cha shinikizo kwa nyuzi 200 hadi 225, kwa saa moja au mbili. Shinikizo hupita mara 15 ya lile la hewa, na nasisitiza: chombo ambacho hakijathibitishwa kuhimili hayo kisiguswe. Sodiamu huingia katika madini, na lithiamu hutoka ikiwa kaboneti isiyoyeyuka kwa urahisi, imechanganyika na masalia.

Mchanganyiko ukipoa, pitisha kaboni dioksidi ndani yake ili kaboneti igeuke bikaboneti inayoyeyuka, kisha chuja. Myeyusho uupashe moto kupita nyuzi 90: viputo hupanda, kilichokuwa angavu huwa kama maji ya mchele, na lithiamu kaboneti hutua chini. Ichuje ingali moto, kwa sababu chumvi hii, tofauti na nyingi, huyeyuka zaidi katika maji baridi. Gesi iliyotoka ikusanywe itumike tena.

Njia ya asidi huacha salfati ya sodiamu ya kutafutiwa pa kupeleka. Hii huacha hasa analsimu, madini yasiyo na asidi. Hata hivyo, yapime masalia hayo kabla ya kuyatupa, na uyaoshe vyema. Maji ya kuoshea yarudishwe mwanzoni, kwani bado yamebeba magadi na lithiamu.