Kupanga mwezi wa kanisa dogo: anza na maji, kalenda ya ukutani baadaye

Ukichaguliwa katibu wa kanisa la kijijini utakabidhiwa vitu vitatu: daftari la muhtasari, ufunguo wa stoo, na kalenda ya ukutani iliyotolewa bure na duka la mabati. Hiyo kalenda itundike tu, ipambe ukuta. Usiandike kitu humo mpaka ujue bahari itakuwaje mwezi huo, watu watalipwa lini, na majirani wana shughuli gani.

Mie ni katibu wa kanisa letu la Kibaptisti huku Mtongwe, upande wa Likoni, Mombasa, mwaka wa tisa sasa. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi mlangoni kwangu. Jumapili ya kawaida tuko sitini hivi, watoto wakiwemo. Wanaume wengi ni vibarua wa bandarini, wanavuka feri alfajiri. Akina mama wanafua na kupika kwenye nyumba za watu kisiwani. Basi haya niandikayo ni ya kanisa la watu wa namna hiyo. Kanisa la mjini lenye ofisi na feni lina mambo yake.

Ubatizo: tazama mwezi wa juu

Sisi Wabaptisti hatunyunyizi. Mtu anazamishwa mzima, utosi hadi kisigino, tena akiwa amekiri imani kwa kinywa chake mwenyewe, si mtoto wa kubebwa. Kanisa lenye birika la ubatizo ndani halina shida. Birika letu sisi ni Bahari ya Hindi, nayo haimngojei mchungaji amalize mahubiri.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na ushei, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Sasa sikiliza vizuri. Hapa Mombasa, siku za bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne. Na saa nne ya Jumapili ndiyo saa ambayo watu wanatoka kanisani na kuteremka pwani wakiimba.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanga ubatizo Jumapili ya mwezi mpevu, na mie nimezaliwa hapa hapa, aibu tupu. Kufika ufuko wa Shelly, maji yameshakimbilia mwambani. Tukatembea juu ya mawe na majani ya bahari, mabibi wameshika viatu mkononi, hadi tukapata dimbwi la maji ya magoti. Wa kwanza alikuwa kijana mmoja wa bandarini, mrefu kama mnazi. Mchungaji akamketisha, akamlaza, kichwa kikazama, goti likabaki juu. Akalisukuma goti chini, kichwa kikaibuka. Bibi mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Hilo goti bado halijaokoka." Kwaya ikashindwa kuendelea na wimbo. Ikabidi mashemasi wawili waingie, mmoja ashike mabega na mwingine magoti, ndipo akazama wote kwa pamoja.

Tangu siku ile huchagua Jumapili ambayo mwezi ni nusu. Hizo ni siku za maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, mkondo umelegea, na maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi. Mtu anasimama kwenye mchanga maji yakiwa kifuani, hatua chache tu kutoka ufukweni. Saa kamili utaipata kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini, au umuulize mvuvi. Mie hupendelea mvuvi kwa sababu atakuambia na upepo. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Aprili, bahari huchafuka na mwani hurundikana ufukweni; sisi hatubatizi mwezi wa Mei hata wakiwa wanasubiri watu kumi. Wasubiri. Hakuna ubaya wa mtu kusoma darasa la ubatizo miezi miwili zaidi.

Nguo nazo uzipange mapema. Kanga ikilowa inasema kila kitu, na nguo nyeupe ndiyo mbaya zaidi. Tulishona magauni sita ya kitambaa kizito cha buluu, yanazunguka kwa kila atakayebatizwa, na kwenye pindo nikashonea vijiwe vya kokoto ili gauni lisipande juu likaelea. Kila mtu aje na kanga mbili kavu. Na mashemasi wawili wanaojua kuogelea wasimame upande wa bahari. Wasioogelea wabaki na kwaya.

Pesa ina majira yake pia

Wenye mshahara hulipwa mwisho wa mwezi, mwenye nyumba huanza kupita tarehe 1, na ikifika tarehe 15 hata aliyekuwa na kazi nzuri anakopa unga dukani. Mchango wowote, wa paa, wa spika, wa mgonjwa, utangazwe kwa ajili ya Jumapili ya kwanza baada ya mshahara. Januari usitangaze kabisa. Shule zimefunguliwa, na mzazi atakayesimama kuahidi Januari atakukwepa hadi Machi.

Hapo zamani Meza ya Bwana, yaani mkate na kikombe cha ushirika, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, kama makanisa mengi. Nikaona jambo. Siku ile ile ya Meza ilikuwa ndiyo siku ya michango, na wale waliokosa cha kutoa wakawa hawaji, na hivyo wanaikosa na Meza. Nikalileta kwenye mkutano. Kwetu hakuna askofu wa kuandikiwa barua, washirika wenyewe ndio wanaoamua, kwa hiyo tulijadili kwa Jumapili mbili na kupiga kura: 31 wakakubali, 9 wakakataa. Meza ikahamia Jumapili ya pili. Mmoja wa wale tisa hadi leo ananiita mama wa mapinduzi, lakini anakuja.

Mkate wa Meza nautengeneza mwenyewe. Unga wa ngano kikombe kimoja, kijiko cha mafuta, chumvi ya kubana vidole viwili, maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Kanda, sukuma nyembamba kuliko chapati, kisha kausha kwenye tawa isiyo na mafuta hadi ivunjike ukiikunja. Hakuna hamira, na kwa hisani yako usitumie chombo ulichotwangia iliki. Juisi iwe ya zabibu, isiyo kileo. Vikombe vyetu vidogo ni vya mililita 20, kwa hiyo lita moja inatosha watu 50. Hesabu vikombe vikitoka na uvihesabu vikirudi. Watoto wanavipenda mno.

Mkutano wa washirika uje baada ya chai

Mkutano wa kila mwezi tunaufanya Jumapili ya tatu. Makosa ya makatibu wapya ni kuuweka mara tu ibada inapokwisha, watu wakiwa na njaa. Mwenye njaa hupinga kila kitu. Tuliwahi kubishana saa nzima na nusu kuhusu mkeka, kama ni wa kanisa au ni wa mama aliyeuleta, na chai ikiwa jikoni inachemka. Siku hizi watu wanakunywa kwanza.

Ajenda ibandikwe mlangoni Jumapili iliyotangulia, isizidi mambo matano. Soma muhtasari uliopita neno kwa neno, hata wakikuambia ruka. Hesabu isomwe na mtunza hazina mwenyewe, wewe usiisome kwa niaba yake. Sadaka ihesabiwe na watu wawili wasiotoka nyumba moja, pale pale mezani, iandikwe kwa kalamu ya wino na wote wawili watie sahihi. Wanaotuma kwa M-Pesa watume kwa namba ya kanisa. Usikubali kamwe itumwe kwenye simu ya mtu, hata awe mchungaji. Sisemi watu ni wezi. Nasema simu huibiwa ferini.

Chai yenyewe

Hapa ndipo nilipo fundi, kwa hiyo nivumilie. Kwa watu 60, chai ni lita 15: maji lita 9, maziwa lita 6, tangawizi iliyopondwa kiasi cha ngumi mbili, majani uyatie maji yakishachemka. Sukari tia nusu tu ya unayodhani, nyingine weka mezani kwenye bakuli, maana wenye kisukari wameongezeka.

Mahamri mawili kwa kila mtu ni 120. Kilo moja ya unga hunipa 30 ya wastani, basi ni kilo 4. Nakanda Jumamosi saa mbili usiku: unga, sukari, hamira, iliki iliyotwangwa wakati huo huo, na tui zito la nazi lililopashwa kidogo tu. Likiwa la moto linaua hamira, likiwa baridi unga unalala mpaka mchana. Kanda hadi unga uache kushika vidole na ukiubonyeza urudi polepole kama shavu la mtoto. Funika kwa kanga nzito. Saa kumi na moja alfajiri nasukuma, nakata pembe nne, natia kwenye mafuta yaliyoshika moto, na kila hamri namwagia mafuta kwa mwiko juu yake ili livimbe. Lisilovimba ni la mpishi.

Usiruhusu familia moja ndiyo ipike kila wiki. Andika zamu ya nyumba nne, Jumapili nne, na Jumapili ya tano ikitokea iwe ya wanaume. Wanaume wetu hununua mkate wa duka na siagi. Wacha wanunue, wasiachwe nje ya zamu.

Maji ya kupikia na kuoshea vyombo yaagizwe Ijumaa. Mfereji kwetu hauna siku maalumu ya kutoa maji, na mwenye mkokoteni Jumamosi ana wateja wa harusi. Mitungi minane ya lita 20 inatosha.

Majirani

Nyuma ya kanisa kuna msikiti, na mbele kuna baraza ambapo wazee wanacheza bao. Ramadhani huwahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo jedwali la mwaka jana halifai. Mwezi huo mazoezi ya kwaya tunayatoa jioni, maana jioni ni futari na baada yake ni tarawehe, tunayaweka Jumamosi asubuhi. Chai ya Jumapili tunakunywa ndani, mlango umeegeshwa. Hakuna aliyetuamrisha. Spika zetu tumezielekeza ndani ya kanisa. Kuna kanuni za serikali za kelele tangu 2009, lakini sisi tulizigeuza baada ya mzee wa msikiti kuja na kusema tu kwamba mkewe anaumwa kichwa.

Sufuria kubwa za kanisa ni tatu, na madawati ni 22. Yanakwenda kwenye maulidi, harusi na matanga ya kijiji kizima. Kuwa na daftari: nani amechukua, lini, vingapi, na nani amepokea vikirudi. Andika hata kwa anayekuita dada. Sufuria ya kanisa la jirani mmoja ilikaa miaka miwili kwenye nyumba ya mshirika wake ikipandwa sukumawiki.

Mengine ya mwezi hayataki maneno mengi. Akina mama wanakutana Alhamisi saa kumi, vijana wana mkesha Ijumaa ya mwisho, na kutembelea wagonjwa hufanywa na watu wawili wawili. Usafi wa kanisa ni Jumamosi ya kwanza: kufyeka, kufagia popo darini, kutazama mabati yaliyolegea kabla masika hayajafika.

Jumamosi moja iache tupu

Makatibu wapya hujaza kila nafasi. Acha Jumamosi moja, sanasana ya tatu, bila kitu. Sio ya kupumzika. Kila mwezi kuna msiba, wa mshirika au wa mtu wa mshirika, na maiti wengi wanasafirishwa bara, Taita, Ukambani, Magharibi, kwa hiyo mikutano ya mchango inaanza siku ile ile. Jumamosi ikiwa tupu, hutoa watu wa kupika, kuchota maji na kukaa na wafiwa bila ya kuvunja jambo jingine. Ukipita mwezi bila msiba, mshukuru Mungu na ufue vitambaa vya madhabahuni.

Sasa teremsha ile kalenda ya ukutani. Weka alama ya mwezi nusu kwanza, halafu mshahara, halafu mambo ya majirani, halafu Jumamosi tupu. Zitakazobaki ndizo za kwako.

Na ufunguo wa stoo usivuke nao feri ukienda kisiwani. Msiba hubisha hodi saa nane usiku na watu wanataka sufuria kabla ya alfajiri. Wangu wa akiba upo kwa jirani, yule wa msikiti mwenye mke anayeumwa kichwa. Umetundikwa nyuma ya mlango wao, kwenye msumari wa tasbihi.